Zermatt, Courchevel, Niseko, Aspen au Portillo: Nilivyopima Likizo ya Theluji kwa Familia ya Marangu na Arusha

Mama yetu anaishi Marangu. Ana miaka 71, na kila asubuhi ambayo mawingu hayajapanda huiona theluji ya Kibo akiwa anafagia uani. Ameiona hivyo tangu utoto wake, na hajawahi kuigusa hata siku moja. Mimi niliongoza wageni mlimani kwa miaka kumi na mmoja, nimeikanyaga theluji hiyo mara nisizoweza kuhesabu, na kila niliporudi mama aliniuliza jambo moja tu: baridi ilikuwaje? Mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe ule juu ya Kilimanjaro, mwongozaji wake naye hakuwa na jina jingine la kuuita ila "baridi". Mama yangu bado yuko hapo.

Mwaka huu dada yangu wa Njiro, Arusha, na shemeji wanatimiza miaka 25 ya ndoa. Wameweka akiba, wanataka likizo moja ya kifahari kwenye theluji: wao wawili, kijana wa miaka 16, binti wa miaka 10, na mama, nami nikiwasindikiza. Kazi ya kuchagua wakanipa mimi, kwa kuwa siku hizi nawapangia watu wa Moshi na Arusha safari za nje. Zermatt na Courchevel nimefika mwenyewe. Niseko, Aspen na Portillo nazijua kwa kuwapangia wateja na kwa kukaa nao waliporudi. Nimeandika nilivyozipima, kwa sababu najua kuna familia nyingine hapa zenye swali hilihili.

Kalenda ndiyo inayoanza kuchagua

Watu wengi huanza na picha za hoteli. Kwa familia ya hapa, nakushauri uanze na kalenda. Shule zetu hufunga mwanzoni mwa Desemba, kisha Juni. Msimu wa skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu zifungwazo miguuni, Ulaya, Japani na Marekani huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili. Ukitazama juujuu, Krismasi inaonekana ndiyo wakati wake. Lakini mtoto gani wa Kichagga atamwambia mama yake asiwepo nyumbani Krismasi? Wiki ile mabasi kutoka Dar hujaa, watu wanapanda milimani, mbuzi ameshafungwa, ndugu wa Nairobi wameshapiga simu. Mama alitoa sharti moja: tarehe 22 Desemba awe jikoni kwake.

Sharti hilo limetusaidia kuliko nilivyotegemea. Wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya ndiyo ya bei ya juu kabisa karibu kila mahali penye theluji kaskazini, na foleni za lifti, yale magari na viti vya kamba vinavyowapandisha watelezaji mlimani, ni ndefu. Sisi tumebaki na siku za kati ya kufunga shule na tarehe 20 hivi. Swali likawa: ni wapi penye theluji ya uhakika mapema Desemba?

Hapo Zermatt, Uswisi, ikatangulia. Sehemu yake ya juu ni barafu ya kudumu, na watu huteleza huko siku 365 za mwaka. Courchevel, Ufaransa, hufungua katika siku hizohizo za Desemba, ila si lifti zote zinazokuwa zinafanya kazi, na baadhi ya hoteli zake kubwa husubiri katikati ya mwezi. Aspen, katika jimbo la Colorado, hufungua mwishoni mwa Novemba kwa msaada wa theluji ya mashine. Niseko, kaskazini mwa Japani, utamu wake ni Januari na Februari. Mapema Desemba unaweza kukuta majani bado yamechomoza kwenye theluji. Portillo iko Chile, kusini mwa dunia, kwa hiyo Desemba kwake ni kiangazi.

Mwinuko, kwa vipimo tunavyovijua sisi

Vitabu vya matangazo hutaja mita kana kwamba ni sifa tu. Aliyewahi kumshusha mgeni usiku kutoka Kibo Hut anajua mita zina maana gani. Kwa hiyo nimeziweka kando ya njia ya Marangu, ambayo wengi wetu tunaijua: geti, kisha vituo vya kulala vya Mandara, Horombo na Kibo Hut.

| Mahali | Unapolala | Lifti inakofika | Kwa hesabu ya hapa |
|---|---|---|---|
| Niseko | karibu m 300 | karibu m 1,200 | Unalala chini kuliko Moshi mjini. Juu kabisa hujafika Arusha |
| Zermatt | karibu m 1,600 | m 3,883 | Unalala chini ya Geti la Marangu. Juu unapita Horombo |
| Courchevel | m 1,300 hadi 1,850 | karibu m 2,700 | Unalala kuanzia chini ya Arusha hadi usawa wa Geti la Marangu. Juu ni usawa wa Mandara |
| Aspen | karibu m 2,400 | m 3,800 hivi, upande wa Snowmass | Unalala karibu na Mandara. Juu unapita Horombo |
| Portillo | m 2,880 | karibu m 3,300 | Unalala juu ya Mandara |

Horombo ni mita 3,720. Mgeni wetu huifikia siku ya pili, mpagazi na mzigo wake kichwani, na wote wawili wameambiwa pole pole tangu getini. Zermatt gari la kamba linakupandisha mita 3,883 asubuhi moja, ukiwa umeketi, chai bado haijapoa tumboni. Hilo ni jambo la ajabu, nami nilipolipanda mara ya kwanza nilinyamaza njia nzima. Lakini mwili haujui kwamba umepandishwa na umeme. Kichwa kitauma vilevile. Kwa mtu wa miaka 71 mwenye presha, siku ya kwanza ni ya kijijini tu, ya pili ni ya mita 2,300 au 2,500, na kule juu kabisa hapana ulazima wa kufika. Tumeshakubaliana kwamba mama atapimwa moyo kabla hatujalipa chochote.

Kwa kipimo hiki Aspen inapoteza alama nyingi kwetu, maana hata kitandani uko juu. Portillo zaidi. Niseko ndiyo salama kuliko zote: mzee analala na kuamka hewa nzito kabisa.

Anasa yenyewe ni ipi?

Nimekaa upande wa pili wa anasa. Mlimani, ukiacha njia ya Marangu yenye vibanda, kampuni ya bei kubwa na ya bei ndogo zote hulala kwenye mahema. Tofauti ni kwamba kwenye ile kubwa, mgeni anapofika kambini hema limeshasimama, maji ya moto yako kwenye beseni na kitanda kimekunjuliwa. Hoteli ya skii ya kifahari ni vivyo hivyo. Usitazame marumaru ya bafuni. Uliza: kutoka kitandani hadi kwenye theluji ni hatua ngapi, na nani atabeba skii?

Kwa kipimo hicho Courchevel haina mpinzani. Ufaransa ina daraja la hoteli linaloitwa palace, juu ya nyota tano, na Courchevel ina kadhaa, kama Cheval Blanc na Les Airelles. Unatoka mlangoni uko kwenye njia ya kuteleza. Kuna chumba maalumu ambako viatu vyako vya skii vimekaushwa na kupashwa moto usiku, mtu anakufunga, mwingine anakuwekea skii chini miguuni. Jioni unamwachia. Bei ya usiku mmoja kwenye nyumba hizo huvuka euro 1,000 bila shida. Pia Courchevel ni mlango wa Trois Vallées, mabonde yaliyounganishwa kwa lifti yenye njia za kilomita 600. Kuna hata uwanja mdogo wa ndege mlimani wenye njia ya mita 537 tu, iliyoinamishwa kama mteremko ili ndege ipunguze kasi ikitua kwa kupanda.

Zermatt ni anasa ya namna nyingine, na kwangu mimi ni ya ndani zaidi. Magari ya mafuta hayaruhusiwi kijijini. Unaacha gari Täsch, unapanda treni dakika 12, kisha ni vigari vya umeme, miguu, na mara mojamoja farasi. Ukitoka nje alfajiri unasikia theluji ikilia chini ya kiatu. Na mlima wenyewe, Matterhorn, mita 4,478, umesimama peke yake mwisho wa barabara, kama Kibo inavyosimama mwisho wa barabara zetu. Mtu wa Moshi anauelewa mji uliojengwa ukimtazama mlima mmoja. Kasoro yake ni kwamba hoteli nyingi haziko kwenye mteremko. Asubuhi unatembea au unapanda basi la umeme hadi kwenye lifti, na viatu vya skii si vya kutembelea.

Aspen ina jambo ambalo hizo mbili hazina: ni mji kamili wa zamani. Ulizaliwa na machimbo ya fedha, na Hotel Jerome ilifunguliwa 1889, mwaka uleule Hans Meyer alipofika kilele cha Kibo. Kuna maduka, kumbi za muziki, vyakula vya kila aina. The Little Nell iko mguuni pa lifti. Ila kumbuka bahshishi: Marekani, asilimia 20 juu ya kila mlo ni desturi, ilhali Ufaransa na Uswisi huduma imo kwenye bei. Kwa watu sita kwa siku nane hizo ni fedha nyingi.

Kwa anayeanza

Hapa ndipo Zermatt, niliyoisifu, inapaswa kusemwa ukweli. Njia zake nyingi ni za rangi nyekundu, yaani za mtu ambaye ameshajua. Eneo la wanaoanza liko Sunnegga, mita 2,288, unapanda kwa treni ya ndani ya mwamba kwa dakika chache. Ni pazuri, lina jua, lakini ni padogo. Courchevel ina uwanja mpana wa wanaoanza, njia nyingi za kijani, na walimu wa ile shule ya jaketi nyekundu, École du Ski Français, ambao wamewafundisha watoto tangu 1945. Masomo ya kikundi Ufaransa huenda kwa wiki, yakianza Jumapili au Jumatatu. Ukifika Jumatano umechelewa na utalazimika kulipia mwalimu binafsi. Kwa binti wa miaka 10, Courchevel ni bora, nami sitaficha hilo. Aspen nayo ina Buttermilk, mlima mzima ambao sehemu kubwa yake ni mpole.

Rangi zenyewe zinachanganya watu. Uswisi wana bluu, nyekundu na nyeusi. Ufaransa wanaongeza kijani chini. Japani ni kijani, nyekundu, nyeusi. Marekani hawana nyekundu kabisa. Wanatoka kijani kwenda bluu kwenda almasi nyeusi. Kwa hiyo bluu ya Uswisi ni ya mwanzo, na bluu ya Marekani ni ya kati. Kijana wa miaka 16 asiyejua hilo anaweza kujikuta mahali asipopaweza.

Jambo jingine la miguu. Sisi wa mlimani tumezoea kuchukua buti kubwa kidogo ili vidole visigonge wakati wa kushuka. Nilipokodi viatu vya skii mara ya kwanza nilichagua kwa mazoea hayohayo, na nilirudi na kucha mbili nyeusi. Kiatu cha skii lazima kikubane. Mguu ukicheza ndani, skii haikusikii. Vaa soksi moja tu, ndefu na nyembamba.

Kwa asiyeteleza kabisa

Mama hatateleza. Dada yangu anasema pengine. Mimi nasema hapana. Kwa hiyo swali lililonikaa moyoni kuliko la hoteli lilikuwa hili: mzee anafikaje mahali penye theluji nzuri, anakaa kwa heshima, anaigusa, anakunywa kitu cha moto, na anarudi bila kubebwa?

Zermatt ina jibu ambalo sijaliona kwingine. Reli ya Gornergrat imekuwepo tangu 1898. Inatoka katikati ya kijiji na kupanda hadi mita 3,089 kwa dakika 33 hivi, treni ya kawaida yenye viti na madirisha makubwa. Kuna vituo njiani. Mama anaweza kushuka Riffelberg, mita 2,582, akatembea hatua ishirini, akainama. Kama kifua kinamkataa, treni inayoshuka haiko mbali. Courchevel unaweza kumpandisha kwa gari la kamba, lakini ukifika juu umezungukwa na watelezaji wanaopita kwa kasi, na mtu wa miguu huna pako. Aspen nayo ina gari la kamba la watembea kwa miguu. Shida ni ule mwinuko wa kuanzia.

St. Moritz, Uswisi, nilikaribia kuiweka kwenye orodha kwa ajili ya mama. Ndiko kulikofanyika Olimpiki ya majira ya baridi ya 1928 na ya 1948, na Februari farasi hushindana juu ya ziwa lililoganda. Februari shule zimefunguliwa, kwa hiyo tukaiacha.

Niseko, ambayo inaniuma kuiacha

Kama tungekuwa watu wazima watupu na ni Januari, ningesema Niseko bila kufikiri mara mbili. Mlima ni mfupi, lakini theluji inayoanguka ni karibu mita 15 kwa msimu. Sababu yake mtu wa Kibosho ataielewa haraka. Sisi upande wa kusini wa Kilimanjaro tunapata mvua kwa kuwa upepo wa bahari unafika umejaa maji, unagonga mlima na kumwaga, na Rongai nyuma huko wanabaki na ukavu. Niseko upepo mkavu na baridi unatoka Siberia, unavuka bahari ya Japani, unachota maji, unagonga milima ya Hokkaido na kumwaga theluji nyepesi kama unga wa sembe. Wanaojua kuteleza husafiri kutoka pembe zote kuufuata unga huo. Jioni wanaingia kwenye maji ya moto ya volkano, huku theluji ikiwaangukia kichwani, wakiutazama Mlima Yotei, mita 1,898, wenye umbo la koni kamili.

Maji hayo huogwa bila nguo, wanaume kwao na wanawake kwao. Dada yangu alicheka, mama hakucheka. Hoteli kubwa, kama Park Hyatt ya Hanazono, zina vyumba vyenye bafu hilo faraghani, na kwa familia ya hapa hilo ndilo la kuuliza mapema. Safari ni ndefu: KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, hadi Doha au Addis Ababa, kisha Tokyo, kisha New Chitose, kisha saa mbili na zaidi za barabara.

Njia, viza na fedha

Kwa Zermatt, kutoka KIA unaunganisha Amsterdam, Doha, Istanbul au Addis Ababa hadi Zurich. Kituo cha treni kiko chini ya uwanja wa ndege wenyewe. Unabadilisha Visp, na kwa saa tatu na nusu hivi uko kijijini. Kwa Courchevel unashuka Geneva au Lyon na kuagiza gari. Kwa Aspen ni Denver na saa nne za barabara, au ndege ndogo ambayo hali mbaya ya hewa huiahirisha mara kwa mara.

Uswisi na Ufaransa ni viza moja ya Schengen. Ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na unaweza kuomba hadi miezi sita kabla. Omba mapema uwezavyo. Bima inayodaiwa ni ya angalau euro 30,000, lakini soma maandishi madogo: bima nyingi za safari hazilipii skii wala uokoaji wa helikopta mpaka uongeze. Viza ya Marekani iulizie kabla hujatazama hata picha moja ya Aspen, maana masharti kwa Watanzania yamekuwa yakibadilika.

Pasi ya lifti ni fedha inayosahaulika. Trois Vallées yote imekuwa karibu euro 80 kwa siku. Vail, jirani wa Aspen, imeshavuka dola 300 kwa siku za kilele ukinunua dirishani. Dada yangu alirudia kusoma mara mbili.

Kama likizo yako ni Juni

Hapo ndipo Portillo inapopata nafasi. Ni hoteli moja ya manjano, iliyofunguliwa 1949, kando ya ziwa kati ya milima ya Andes. Hakuna mji, hakuna maduka. Wageni mia nne na ushee wanakula pamoja kwa wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi. Mashindano ya dunia ya skii ya 1966 yalifanyika hapo. Kwa wanandoa wenye afya njema wanaotaka utulivu, ningewatuma bila wasiwasi. Kwa mzee, mita 2,880 usiku wa kwanza ni mzigo.

Nani anataka kujaribu kwanza bila kutumia mali yote? Afriski, Lesotho, iko mita 3,222, hufanya kazi Juni hadi Agosti, ina mteremko wa kilomita moja, na ni bara letu. Si ya kifahari. Inatosha kumjulisha mtoto kama anaupenda mchezo huu.

Tulipofikia

Tumechagua Zermatt. Binti atajifunza Sunnegga na mwalimu wake mwenyewe, na tofauti ya gharama na Courchevel tumeikubali. Kijana atapata njia ndefu kuliko atakavyoweza kumaliza. Dada na shemeji watakuwa na usiku wao wawili katika hoteli ya juu kidogo, mimi nikikaa na watoto kijijini.

Kuna sababu moja zaidi, nayo ni ya mama. Anasema Kibo ya utoto wake ilikuwa nyeupe hadi chini zaidi, na vipimo vinamuunga mkono: kati ya 1912 na 2007 barafu ya Kibo ilipoteza asilimia 85 ya eneo lake. Barafu za Zermatt nazo zinarudi nyuma kila mwaka. Nimeona nisiahirishe.

Jumamosi nampeleka soko la Memorial, Moshi. Jaketi za skii za mitumba zipo nyingi pale, nzuri, zisizopitisha maji, kwa bei ambayo Zermatt hainunui glovu. Nitamtafutia na miwani ya jua yenye giza, maana mwanga wa theluji huumiza macho kuliko watu wanavyodhani, na mafuta ya kuzuia jua, ambayo ngozi nyeusi nayo inayahitaji kule juu. Jana usiku alinipigia simu kuuliza kama kule wataruhusu aishike theluji bila glovu. Nimemwambia ndiyo, mama, kwa muda mfupi.